Mamografia safi, damu bado inatoka

Mwanamke wa miaka 45 anaona doa la damu kwenye sidiria, upande mmoja tu. Anapigwa mamografia, majibu yanarudi safi. Akiruhusiwa kwenda nyumbani hapo, amepimwa nusu.

Majimaji ya chuchu hayana uzito mmoja. Yakitoka matiti yote mawili, kwenye matundu mengi, yakiwa ya maziwa au ya kijani, na hayatoki mpaka yakamuliwe, mara nyingi si saratani. Yanayotia shaka hutoka yenyewe, titi moja, tundu moja, yakiwa na damu au yasiyo na rangi. Chanzo kikuu ni papiloma, kijinyama kinachoota ndani ya mrija wa maziwa. Kwa kawaida si saratani, lakini dalili za viwili hivi hufanana.

Mamografia ni hodari wa kunasa chembechembe za chokaa, alama mojawapo ya saratani iliyo bado ndani ya mirija. Papiloma ya milimita chache, isiyo na chokaa, iliyojificha nyuma ya chuchu, huipita hivi hivi. Ndiyo maana kuanzia miaka 40 ultrasaundi huambatana na mamografia. Chini ya miaka 30, ultrasaundi ndiyo hutangulia.

Kwenye ultrasaundi ustadi wa mpimaji ndio huamua. Chuchu na hewa iliyonaswa kwenye mikunjo yake hutupa kivuli cheusi palepale panapotafutwa. Mpimaji mzoefu hutumia jeli nyingi ya vuguvugu, kwa kuwa baridi huikaza chuchu. Kisha huilaza probu, kifaa cha ultrasaundi kinachogusa ngozi, pembeni ya chuchu na kuibana kwa kuiinamisha, huku mkono wa pili ukikandamiza upande wa pili, mpaka mrija ulale sambamba na probu. Akiona kitu ndani, huwasha Dopla, inayoonyesha mtiririko wa damu. Damu ikipita ndani yake, hiyo ni nyama iliyo hai. Isipopita, yaweza kuwa utomvu ulioganda, na huo ukibanwa kidogo husogea. Ila papiloma ndogo nayo huweza kukosa alama ya damu.

Zamani hatua iliyofuata ilikuwa galaktografia: kijisindano butu huingizwa kwenye tundu linalotoa majimaji, dawa yenye ayodini chini ya mililita 1 hupitishwa, na titi hupigwa picha upya. Kijinyama huonekana kama pengo. Tundu lisipotoa tone siku hiyo, kazi imekwama. Siku hizi ipo MRI: yenye dawa ya mshipani, haihitaji tone, na huona titi zima, ingawa ni ghali.

Hakuna picha inayotamka saratani. Hilo ni la kipande cha nyama kinachopelekwa maabara. Basi ripoti nzuri hutaja mahali kamili, mfano saa 3 (titi likichukuliwa kama uso wa saa), sentimita 1 kutoka kwenye chuchu, ili sindano au kisu kifuate mrija uleule. Na picha zote zikiwa safi huku damu ikiendelea, mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa upasuaji wa matiti.