Jaji Anayezeeka na Madenge Asiyekua

Madenge wa gazeti la Sani alikuwa mtoto mtundu wakati wasomaji wake wako darasa la tano. Wasomaji hao leo wana mvi, wengine wana wajukuu, na Madenge ni mtoto yuleyule, bado anamtoa mwalimu jasho. Hatukuwahi kumdai cheti cha kuzaliwa. Lakini mwambie kijana wa siku hizi, msomaji wa katuni za mashujaa kwenye simu, kwamba Spider-Man alianza mwaka 1962 akiwa mwanafunzi wa sekondari, halafu muulize sasa ana miaka mingapi. Ubishi utakaozuka unaweza kuipita adhana ya magharibi.

Ubishi huo una msingi. Anayebuni shujaa hubuni na kalenda, apende asipende. Superman alianza mwaka 1938, Batman 1939. Wangehesabiwa miaka kama sisi, hitima yao ingekuwa imeshasomwa zamani. Mwanazuoni wa Italia, Umberto Eco, aliichambua mbinu inayowanusuru katika insha yake ya mwaka 1962. Kila tendo humsogeza binadamu karibu na kifo, alieleza, kwa hiyo waandishi wa Superman huzifunika hadithi zake kwa ukungu, msomaji asijue vizuri lipi lilitangulia na lipi likafuata. Tukio la wiki hii halina deni kwa la wiki iliyopita.

Mbinu hiyo inapata taabu hadithi inapohamia wakati ujao, kwa sababu huko mwaka hutajwa waziwazi. Kundi la vijana mashujaa liitwalo Legion of Super-Heroes lilianza mwaka 1958, likiishi miaka elfu moja mbele yetu. Mwaka 1989 Keith Giffen na wenzake waliirusha hadithi miaka mitano kwa mpigo: vijana wale wakarudi watu wazima, wamechoka, wana makovu na ugomvi ambao msomaji hakuushuhudia. Mashabiki waligawanyika, na wapo wanaogombana mpaka leo. Kisha kuna Spider-Man wa mwaka 2099, Miguel O'Hara, aliyebuniwa na Peter David na Rick Leonardi mwaka 1992. Mwaka ukiwekwa kwenye jina lenyewe, fundi amejifunga kamba mwenyewe.

Kati ya wote waliojifunga kamba hiyo, ninayemvulia kofia ni Judge Dredd, jaji wa katuni. Vijana wa kwetu Naliendele, Mtwara, wanamjua zaidi kwa filamu za vibanda umiza: ile ya 1995 ambamo Sylvester Stallone alivua helmeti, jambo ambalo mashabiki hawajalisamehe, na ile ya 2012 ambamo Karl Urban hakuivua hata mara moja. Chimbuko lake ni gazeti la katuni la kila wiki la Uingereza, 2000 AD, Machi 1977. Mwandishi ni John Wagner. Aliyemchora umbo kwa mara ya kwanza ni Mhispania Carlos Ezquerra. Hadithi ilianzia mwaka 2099, katika jiji kubwa la pwani ya mashariki ya Marekani liitwalo Mega-City One, na sheria yake ni nyepesi kuieleza, ngumu kuitii: mwaka mmoja ukipita kwetu, mmoja unapita kwake. Chukua mwaka unaosoma makala haya, ongeza 122, utajua Dredd yuko mwaka gani.

Hapo ndipo hesabu zinapoanza kugombanisha watu. Dredd hakuzaliwa, ni kloni, ametengenezwa mwaka 2066 kutokana na mwili wa jaji mwingine aitwaye Fargo, na inaelezwa kwamba alitoka akiwa na umbo na akili ya mtoto wa miaka mitano. Mwaka 2099 alikuwa na miaka 33 au 38? Ukishika kalenda, unapata jibu moja. Ukishika mwili, jibu la pili. Na vyovyote uhesabuvyo, sasa ni mzee anayepiga doria kwa pikipiki.

"Mjomba, mtu wa miaka themanini anaruka vipi na pikipiki ile?" nilimsikia kijana mmoja akiuliza.

"Si wamemtibu?" akajibiwa. "Huko kwao dawa ya kurudisha ujana ipo. Wewe shangaa bei yake."

Jibu la mjomba ni la mtu anayeelewa ufundi. Dawa ya kurudisha ujana si kosa, mradi iwe inajulikana katika ulimwengu wa hadithi na mwili uliotibiwa ubaki na historia yake. Waandishi wa Dredd wameitumia, na mashabiki wamewanunia. Mimi nawatetea, kwa sababu goti likishonwa upya, alichokitenda mwenye goti hakikufutwa.

Tazama walivyofanya. Mwaka 1982, katika hadithi ya Vita vya Apokalipsi aliyoiandika Wagner pamoja na Alan Grant, jiji la Dredd linashambuliwa na East-Meg One, jiji la Wasovieti. Dredd anapenya na kikosi kidogo hadi kwenye makombora ya adui na kuyarusha kwenye jiji lao wenyewe. Watu nusu bilioni wanakufa. Katuni nyingi zingemrudisha shujaa wiki inayofuata akikimbiza wezi wa benki, basi. Wagner naye aliendelea na kazi za kila wiki, lakini hakusahau. Mwaka 2011, karibu miaka 30 baadaye kwao na kwetu, akaanza kisa cha Siku ya Machafuko: mabaki ya watu wa lile jiji lililoteketezwa wanakuja kulipa kisasi kwa ugonjwa, na sehemu kubwa ya Mega-City One inaangamia. Msomaji aliyekuwa na miaka kumi wakati kombora linarushwa alikuwa anakaribia arobaini bili ilipoletwa. Hakuna hila ya kalamu inayoweza kughushi muda huo. Ilibidi usubiriwe.

Na uvumilivu wa mwandishi usingetosha bila wa wachoraji. Dredd havui helmeti, wala uso wake mzima hauonyeshwi. Macho, paji la uso, nywele, yote ambayo mchoraji hutegemea kuonyesha umri, yamefunikwa. Kinachobaki ni mdomo na kidevu. Uzee wote wa mtu huyu lazima uandikwe kwenye eneo lisilozidi kiganja. Mstari ushukao kutoka puani hadi pembe ya mdomo ukiwa mwembamba na mmoja, huyo ni mtu wa makamo. Ongeza wa pili kando yake, vunja kidogo ukingo wa taya ili ngozi ionekane imelegea, weka nukta chache za ndevu ambazo hazikunyolewa asubuhi, na miaka ishirini imepita. Ukizidisha mstari mmoja, umechora kikongwe. Kazi inakuwa ngumu zaidi pale anaposimamishwa karibu na kijana wa ukoo uleule wa kloni, mwenye helmeti ileile na kidevu kilekile: msomaji awatofautishe kwa wino wa pembe ya mdomo tu.

Tena si mkono mmoja uliofanya haya. Ezquerra alimbuni Dredd, lakini hadithi ya kwanza iliyochapwa ilichorwa na kijana Mike McMahon. Ezquerra akaondoka kwa kinyongo. Alirudi kwenye Vita vya Apokalipsi, akavichora mwanzo hadi mwisho, na alifariki mwaka 2018. Dredd akaendelea.

Watu wa Naliendele hatuhitaji kufunuliwa kwa mafumbo jinsi kitu kinavyopita mkono hadi mkono na kubaki kilekile, maana tunaishi na jambo hilo shambani. Hapa, kwenye barabara ya kwenda Newala, ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, na kila mkulima anajua kubebesha. Mkorosho mzee usiozaa unakatwa, unaachwa kisiki. Machipukizi yakitoka, fundi anachagua moja lenye unene wa penseli, analikata kichwa na kulipasua katikati. Anachonga kikonyo kutoka mti mama kiwe kama kabari, anakichomeka, anakaza kwa utepe wa nailoni, kisha anakivisha kifuko kisikauke. Kikishika, mti unazaa korosho za mama yake. Sasa niambie una miaka mingapi. Mizizi ilipandwa na babu, matawi ni ya juzi, na aina ya korosho ni ya mti ulioko shamba jingine. Mkulima hababaiki: anachotaka kujua ni kikonyo kilitoka mti gani. Mhusika wa katuni akipita mkono hadi mkono anahitaji swali hilohilo lijibiwe.

Sani nayo ilipita humo. Philip Ndunguru, mmoja wa waliowapa sura wahusika wa gazeti hilo, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wengine wakashika kalamu. Ndumilakuwili akabaki laghai, Lodi Lofa akabaki Lodi Lofa, wasomaji wakaendelea kununua. Kutomkuza Madenge nako kulihitaji nidhamu: vizazi vya wasomaji vilipita, naye asiongezwe kimo hata kidogo. Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu gazetini kwa miongo mingi. Ulinzi wa namna hiyo ni ufundi sawa na wa Wagner, ingawa umeelekea upande wa pili. Mmoja analinda muda usiingie, mwingine analinda muda usivuje. Fundi mbovu ni yule anayesahau ameahidi nini.

Tofauti ni kwamba Waingereza wanaweza kubishana na ushahidi mkononi. Hadithi za Dredd zimekusanywa tangu mwanzo, kitabu baada ya kitabu, kwa mpangilio wa miaka. Anayesema Jaji alikuwa na miaka 38 anafungua ukurasa. Sisi tunabishana kwa kumbukumbu, na kumbukumbu za wazee wa Sani zinaelekea kuisha na wenyewe. Wachapishaji wetu wawakusanye Madenge, Pimbi na wahusika wenzao wa Sani kwa mwaka, kwa jina la mchoraji, wakati angali yupo mtu wa kuwaambia nani alichora nini.

Kijana wa Mtwara anayetaka kuchora shujaa wa Mikindani ya mwaka 2150 naye anunue daftari kabla ya kalamu. Aandike shujaa amezaliwa lini, na kila atakachotenda kitaandikwa chini yake. Na mwenye nakala za zamani za Sani sandukuni asizifungie maandazi. Azipeleke maktaba ya mkoa.