"Haraka" na "Mwendo": Asili ya Methali Mbili

Katika vijitabu vingi vya methali vitumiwavyo madarasani, kila methali hupewa maana moja na, mara nyingine, asili moja: "yatoka Kiarabu", "yatoka pwani". Sisi tufundishao Kigali, katika nchi iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, twaona mtindo huo huwadhulumu wanafunzi, na methali zenyewe.

Tuchukue "Haraka haraka haina baraka". Kwa kuwa "haraka" na "baraka" ni maneno ya Kiarabu, hudaiwa kuwa methali nzima imetafsiriwa. Lakini Waarabu wanao msemo "al-haraka baraka", na maana yake karibu ni kinyume: kujongea kuna baraka, yaani ajishughulishaye hupata. Katika Kiarabu "haraka" ni mwendo, mjongeo. Aliyesoma chuo cha Kurani atakumbuka kuwa hata alama za irabu huitwa hivyo. Waswahili walilipa neno maana ya upesi, wakalirudia mara mbili kwa desturi ya Kibantu, wakalikanusha kwa "haina". Onyo la Kiarabu dhidi ya pupa lipo, ila hilo husema pupa yatoka kwa Shetani, tena kwa neno jingine, "ajala". Mawe, basi, yametoka Arabuni. Nyumba ni ya Waswahili.

Shauri la "Polepole ndio mwendo" ni gumu zaidi. Mwanafunzi wetu mmoja aliandika katika insha kuwa methali hiyo ni ya Kinyarwanda, kwa maana nyumbani kwao husemwa "Buhoro buhoro ni rwo rugendo". Tulimkata alama. Leo twaona tulikosea, angalau nusu. Maneno yalingana moja kwa moja: buhoro ni polepole, urugendo ni safari, na "-genda" ya Kinyarwanda ni ndugu wa "-enda" ya Kiswahili. Yawezekana methali ilipanda kutoka pwani pamoja na wafanyabiashara na askari wa zama za Wajerumani, ambao Kiswahili chao chasikika hata leo mtaani Biryogo. Yawezekana vilevile kila lugha ilijizalia yake. Wateteao pwani hutegemea ukongwe wa maandishi: W. E. Taylor alikwisha kuchapisha mkusanyo wa methali za Waswahili mwaka 1891, wakati Kinyarwanda hakijaanza kuandikwa. Hoja hiyo haitutoshi. Kutangulia kuandikwa si kutangulia kuzaliwa.

Maana nayo husogea. Kwa msafiri wa miguu, methali hiyo ni kanuni ya kutunza nguvu. Siku hizi twaisikia maofisini akitulizwa nayo mtu angojaye karatasi yake tangu asubuhi. Kijitabu gani kimeitaja maana hiyo?

Yule mwanafunzi tulimrudishia alama zake, tukamtaka aongeze ukurasa mmoja: nyanya yake huisema methali hiyo wakati gani, na humwambia nani.