Mahali Faili Inapojisaliti

Fundi wa video akitaka kukusifia kazi yake atakuonyesha uso wa bibi harusi. Usihukumu hapo. Uso uliotulia mbele ya pazia ni mzigo mwepesi: fremu moja inafanana na inayofuata, programu inahifadhi tofauti zake tu, na faili hutoka safi hata ikibanwa kupita kiasi. Mwambie asogeze mbele mpaka pale mashangazi wanapoinuka kumtunza mwimbaji wa taarabu, kanga zikipepea, noti hewani, taa zikizunguka. Sasa tazama maua ya kanga. Yakivunjika kuwa vigae vya mraba, biti hazikutosha. Kodeki ya H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003 na ingali kila mahali, hugawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, na njaa ya biti huanika mipaka yake.

YouTube inapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080p yenye fremu 24 hadi 30, na 12 kwa fremu 50 au 60. Kwa ukumbi wenye kanga nyingi mimi huzihesabu hizo kuwa kima cha chini. Ukiona kingo za nyekundu iliyokolea zimefifia, usimlaumu fundi haraka: video nyingi za kawaida huhifadhi sampuli za rangi robo tu ya zile za mwanga. Lakini kamera ikipita polepole juu ya meza na picha ikawa inadundadunda, hilo huenda ni lake. Huenda alirekodi kwa fremu 25 akahifadhi kwa 30, programu ikalazimika kurudia fremu moja baada ya kila tano. Na anayekupa 4K iliyokuzwa kutoka kamera ya 1080p amekupa uzito.

Sauti ndiyo hasa wengi huipuuza. Vaa spika za masikioni, tafuta vigelegele. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya 128 imetupa zaidi ya sehemu tisa katika kumi, na kwa hotuba ya mjomba hutasikia pengo kubwa. Vigelegele vinasema ukweli: vikilialia kama vimepitishwa majini, sauti imebanwa mno. Kisha nyamaza usikilize kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. MP3 hukata sauti vipande vipande, na uzi unapodonolewa ghafla, makosa ya kubana husambaa kwenye kipande kizima, hata kabla ya mdonoo wenyewe. Utasikia kivumo chepesi kikiutangulia uzi. Sikio likishakizoea, hutakikosa tena.

Usidanganywe na jina la faili. MP3 ya 128 iliyohifadhiwa upya kwa 320 inanenepa bila kurudishiwa chochote, na hubanwa mara ya pili njiani. Omba WAV ya mchanganyiko wa mwisho, na umwambie fundi aache nafasi ya desibeli moja juu, kwa sababu kubana kunaweza kuinua vilele vya sauti hadi vikapasuka.

Faili ukitumiwa kwa WhatsApp, iwe kama hati. Ikitumwa kama video ya kawaida, programu huibana upya, na utakachopima hapo ni kazi ya WhatsApp.