Mtawa na Sanamu ya Pembe

Katika riwaya yake Thaïs ya mwaka 1890, Anatole France anamtoa mtawa Paphnuce katika jangwa la Misri, karne ya nne, na kumpeleka Aleksandria akamwongoe mwigizaji ambaye uzuri wake umewapumbaza matajiri wa mji. Mtawa anafanikiwa. Thaïs anaacha mali na wapenzi, anaingia utawani na kufa mtakatifu. Anayepotea ni yule aliyemwokoa.

Mwaka 1927, mwandishi Mwingereza E. M. Forster aliifananisha hadithi hii na saa ya mchanga: wawili wanakaribiana, wanapishana, kila mmoja anaishia alikoanzia mwenzake. Ni sifa ya haki, ila kwangu haitoshi. Kupishanisha wahusika hupangika hata kwenye kipande cha karatasi. Kazi ngumu ni kutuonyesha moyo wa mtawa ukigeuka huku mwenyewe akiapa kwamba anamtumikia Mungu.

Tazama siku Thaïs anapochoma mali yake yote. Anaomba kitu kimoja tu kisalie, sanamu ndogo ya Eros, mungu wa mapenzi, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Anataka iwekwe katika nyumba ya watawa, maana upendo nao ni fadhila. Aliyempa ni Nicias, mpenzi wake wa zamani, ambaye pia alisoma pamoja na Paphnuce. Mtawa akisikia jina hilo tu, anainyakua sanamu na kuitupa motoni. Nicias ameigusa, asema, basi imejaa sumu. Maneno ni ya dini. Mkono ni wa mwanamume mwenye wivu. Mwandishi hatufafanulii lolote. Moto unaendelea kuwaka, na sisi tumeshajua.

Kisha safari ya jangwani. Paphnuce, akiwaza dhambi za mwanamke huyu, anamtemea mate usoni. Thaïs anajifuta na kuendelea kutembea. Mara mtawa anaona damu kwenye mguu wa Thaïs, anapiga magoti, anaubusu na kumwita dada, mama, mtakatifu. Chuki na ibada zinatoka kinywa kimoja, kwa pumzi ileile! Nimesoma riwaya nyingi za makasisi na vishawishi. Sijui nyingine inayofika hapa kwa maneno machache hivi.

Toba ya Thaïs nayo imeandaliwa mapema. Utotoni alipendwa na Ahmes, mtumwa Mnubi aliyehakikisha anabatizwa kwa siri, asitake chochote kwake. Imani yake imeota hapo. Ya Paphnuce imechanganyika na kiburi, ndiyo maana hata kupanda juu ya nguzo ya hekalu bovu hakumponyi: umati unakusanyika chini, mji unazaliwa, na Thaïs bado yumo kichwani mwake. Akiwa kando ya kitanda cha mauti ya Thaïs anapaza sauti kwamba mbingu si kitu, na tunamwamini kwa sababu tuliiona ile sanamu ikiungua.

Mwaka 1894 mtunzi wa muziki Massenet aliigeuza riwaya kuwa opera, na kipande chake cha fidla kinachosimulia toba ya Thaïs kinapigwa hadi leo. Ni kizuri kweli. Lakini kuanguka kwa mtawa kumo ndani ya sentensi zake mwenyewe, anavyojisifu kila anapojinyenyekeza, na hilo fidla haiwezi kulisema.