Kitako Kinene au Utando wa Bei: Kikaango cha Seramiki katika Majiko ya Kakuma na Kerio

Kikaango kinachouzwa kwa jina la seramiki si chombo cha udongo, wala hakijapita katika tanuri la mfinyanzi. Mwili wake kwa kawaida ni alumini, na hiyo seramiki ni utando tu, yaani mpako usiozidi sana unene wa unywele, ambao hupulizwa juu ya alumini ukiwa majimaji kisha huokwa kwa nyuzi mia mbili na kitu za Selsiasi mpaka unakauka na kuwa mgumu mfano wa kioo. Tofauti hiyo kati ya mwili na utando ndiyo msingi wa hesabu yote ya mnunuzi anayesimama mbele ya vikaango viwili vinavyong'aa sawasawa, kimoja cha bei ya chini na kingine cha bei iliyozidi mara kadhaa, awe yuko Lodwar au katika masoko ya Kakuma huko Turkana, Kenya, ambako utafiti uliotolewa mwaka 2018 na IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia sekta binafsi, ulihesabu zaidi ya maduka 2,000 katika kambi ya wakimbizi na mjini. Jicho huona utando, na bei nayo hutangazwa kwa utando, ilhali kinachoamua maisha ya kikaango juu ya jiko la makaa ni kile kilichofichwa chini yake.

Utando wa kwanza wa kuzuia chakula kisigande haukuwa wa seramiki. Ulitokana na plastiki ya florini iliyogunduliwa nchini Marekani mwaka 1938 na mkemia Roy Plunkett, ikajulikana kwa jina la Teflon, na katika miaka ya 1950 Mfaransa Marc Grégoire akafaulu kuishikiza kwenye alumini. Plastiki hiyo haifai kupashwa moto kupita nyuzi 260 hivi, kwa kuwa ikizidishiwa joto huanza kuharibika na hatimaye kutoa mvuke wenye madhara. Hofu ya mvuke huo, pamoja na wasiwasi kuhusu kemikali za florini zisizooza, ndiyo iliyofungua njia kwa utando wa seramiki, ulioenea sokoni tangu kampuni ya GreenPan ya Ubelgiji ilipoanza kuuuza mwaka 2007. Utando huu hujengwa kwa silika, ambayo ndiyo kiini cha mchanga na kioo, na kwenye uso wake hubaki vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni vinavyoyafukuza maji na kuuzuia ute wa yai au nyama ya samaki usiushike. Silika yenyewe huvumilia joto kali, na hilo ndilo linaloandikwa kwenye kasha. Lakini vile vikundi vya usoni haviuvumilii moto kwa muda mrefu, na vikishaungua, kinachobaki ni kioo kitupu ambacho chakula hukishika kama kinavyoshika chombo kingine chochote. Kwa hiyo kikaango kinaweza kuwa salama kabisa, bila utando wake kubanduka hata chembe, na bado kikawa kimekufa kwa kazi kilichonunuliwa kuifanya.

Hapa ndipo moto wa Turkana unapoingia katika hesabu. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na tangu wakati huo jiko la kambini limekuwa la kuni na makaa: kuni zinazogawiwa hazikidhi mwezi, na upungufu huzibwa kwa kuni na makaa yanayonunuliwa kutoka kwa Waturkana wa jirani, mengi yake yakiwa ya mathenge, mti wa kigeni uliotapakaa kandokando ya mito na mabonde. Makaa yaliyoshika moto vizuri hupita nyuzi 700 bila shida, na katika jiko lenye kikombe cha udongo, lile lililobuniwa nchini Kenya mapema katika miaka ya 1980 ili kupunguza matumizi ya makaa, joto hilo hukusanywa na kuelekezwa juu, likagonga kitako cha kikaango katikati. Mpishi wa gesi hupunguza moto kwa kugeuza kitufe; mpishi wa makaa hana kitufe cha kugeuza, ana koleo la kuchotea makaa na mlango wa kuzuia hewa, na vyote viwili hufanya kazi polepole. Kikaango chembamba kilichowekwa kitupu juu ya moto huo, wakati mpishi akivunja mayai au akisukuma chapati, hupita nyuzi 300 katika dakika chache.

Unene wa kitako ndio unaotofautisha vikaango viwili katika hali hiyo. Alumini hupitisha joto takriban mara nne kuliko chuma cha kusubu, yaani kile kinachoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na takriban mara kumi na tano kuliko chuma kisichoshika kutu. Sifa hiyo, hata hivyo, huhitaji nafasi ili ifanye kazi. Katika kitako cha milimita 2, joto linaloingia katikati halipati njia pana ya kukimbilia pembeni, basi katikati huungua ilhali ukingo ungali vuguvugu. Katika kitako cha milimita 4 au 5 joto hutawanyika kabla halijafika kwenye utando. Tena ipo habari ya kutanuka. Kila mita ya alumini hurefuka kwa sehemu 23 za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo kitako chenye upana wa sentimita 24 kikipandishwa nyuzi 200 huongezeka zaidi ya milimita moja, wakati silika hutanuka kidogo mno. Utando hulazimika kuvutwa na mwili wake, na kikaango cha moto kikimwagiwa maji baridi ili kioshwe upesi, jambo linalofanyika kila siku, mvutano huo hugeuka ghafla na kuacha nyufa zisizoonekana kwa jicho. Mafuta hupenya humo, hukauka yakawa gundi ya rangi ya kahawia, na kuanzia siku hiyo yai huganda mahali palepale kila linapokaangwa. Kitako chembamba kikishapinda, huwa hakikai tena sawasawa juu ya jiko, mafuta hukimbilia upande mmoja, na upande uliobaki mkavu ndio unaoungua.

Haki ya kikaango cha bei ya juu lazima itajwe. Kwa kawaida kina tabaka nyingi zaidi za utando, mara nyingine zikiwa zimechanganywa na chembe ngumu zinazostahimili mikwaruzo ya mwiko wa chuma, na kitako chake ni kizito. Lakini chembe hizo ngumu hulinda dhidi ya mkwaruzo, hazilindi vile vikundi vya usoni dhidi ya moto. Sehemu nyingine ya bei hulipia sahani ya chuma iliyobandikwa chini kwa ajili ya majiko ya umeme wa sumaku, mpini unaovumilia oveni, na kasha zuri. Vitu hivyo vina maana yake kwingine, lakini havimpi chochote anayepika juu ya makaa. Unene nao una gharama yake, kwa kuwa kitako kizito huchelewa kupata moto na hula makaa zaidi kabla ya chapati ya kwanza. Kwa kaya inayokaanga mayai mawili na kuzima, upotevu huo una uzito katika mahali ambapo kila debe la makaa linanunuliwa; kwa muuza chapati anayekaa motoni saa tatu mfululizo, joto lililohifadhiwa humrudishia gharama yake.

Watu wa Kakuma, kwa upande mwingine, wanalo jibu la kale zaidi kuliko utando wowote wa kiwandani, na jibu hilo ni seramiki kwa maana halisi ya neno. Mitadi ya Waethiopia waishio humo ni sahani ya udongo uliochomwa, pana kiasi cha nusu mita, inayopikiwa injera, mkate wao bapa wa nafaka ya tefu. Udongo mtupu una matundu, na uji wa tefu ungeuganda mara moja. Kwa hiyo kabla ya matumizi ya kwanza, mitadi hupashwa moto na kusuguliwa kwa unga wa mbegu zenye mafuta mpaka matundu yajae na uso uwe mweusi unaong'aa, na kabla ya kumimina injera inayofuata, mpishi hupitisha tena kitambaa chenye mbegu hizo. Mafuta yanayoungua juu ya udongo hujiunga na kuwa ngozi, na ngozi hiyo ikichakaa hujengwa upya kwa usuguaji uleule. Sayansi yake ni ileile ya bapa la chuma la chapati lililokolea mafuta ya miaka. Huko Kerio nako, karibu na mahali mto wa jina hilo unapomwagika katika Ziwa Turkana, samaki hukaangwa katika karai la mafuta mengi, na ujanja wa asiyetaka agande ni kumkausha maji kwanza, kungoja mafuta yapate moto, na kutomgeuza kabla ngozi yake haijakauka na kujiachia yenyewe. Utando hauhitajiki kabisa katika upishi huo.

Ndiyo maana ukaguzi wa dukani unapaswa kuanza chini. Kikaango kinyanyuliwe na kupimwa uzito kwa mkono. Ukingo wake utazamwe, kwa kuwa mara nyingi ndipo unene wa alumini unapoonekana. Kitako kibonyezwe kwa kidole gumba, kisha kiwekewe rula juu yake ili ionekane kama kiko sawa. Misumari ya mpini ikaziwe macho kuliko rangi. Baada ya kununuliwa, kisiwekwe kitupu juu ya makaa mekundu, kitiwe mafuta kabla hakijapata moto sana, na kioshwe kikiwa kimepoa.

Kwa anayepikia gesi ya mtungi wa kilo 6, ambaye anaweza kushusha moto na kuuacha chini, kikaango cha seramiki chenye kitako kinene kinastahili bei ya kati, nacho kitamtumikia vizuri kwa muda. Cha bei ya juu kabisa hakimwongezei kiasi kinacholingana na fedha yake. Kwa anayepikia makaa au kuni, utando wa seramiki, uwe wa bei rahisi au ghali, ni fedha inayoteketea. Fedha hiyo inunue kikaango cha chuma cha kusubu au bapa zito la chapati, likolezwe mafuta siku ya kwanza, na lisisuguliwe kwa mchanga.