Mtoto Mlangoni pa Amani: Ulezi na Ishara katika "Kidagaa Kimemwozea"

Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, iliyotolewa mwaka 2012, imesomwa na watu wengi kwa sababu ambayo si ya kifasihi: kuanzia 2013 hadi 2017 ilikuwa kitabu cha lazima katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne nchini Kenya. Katika shule za Kisii na Nyamira, kama kwingineko, miongozo ya kila namna iliuzwa, na katika miongozo hiyo jambo moja lilikaririwa mpaka likawa kama amri: mtoto mchanga anayeachwa mlangoni pa Amani, na kupewa jina la Uhuru, ni ishara ya uhuru wa nchi za Afrika, uliopatikana kwa taabu ukafa kwa kupuuzwa. Sina nia ya kuipinga tafsiri hiyo. Jina ni la mtunzi mwenyewe, wala hakulitia kwa bahati. Ninalotaka kuuliza katika makala haya ni swali ambalo mtahini haulizi. Huyu, kabla ya kuwa ishara, ni mtoto. Je, riwaya inamtendea kama mtoto? Na sisi wahakiki je?

Kwa msomaji ambaye hajaisoma, au aliyeisoma kwa ajili ya mtihani akaisahau, kisa kwa ufupi ni hiki. Amani anafika Sokomoko, katika nchi ya kubuni ya Tomoko, akaajiriwa na Mtemi Nasaba Bora kutunza ng'ombe wake. Amekutana na Imani kwenye Mto Kiberenge. Naye Imani, msichana aliyepoteza mama na makao, anapata kazi ya nyumbani kwa Mwalimu Majisifu, ndugu yake Mtemi. Baadaye ndipo tunapotambua kwamba ardhi ile ilikuwa ya Chichiri Hamadi, babu yake Amani, na kwamba Mtemi aliipata kwa hila. Katikati ya hayo mtoto mchanga anaachwa penye kibanda cha Amani. Yeye na Imani wanamlea. Mtoto anaugua, wanampeleka hospitalini, wanapuuzwa, mtoto anakufa, nao wanatiwa ndani kwa kudaiwa kuwa ndio waliomwua.

Tuanze na kurudi. Fasihi ya Kiswahili ina wahusika wengi wanaorudi kwao, na aghalabu hurudi wakijulikana: mwana amerudi, kuku anachinjwa, majirani wanakuja kuomba sukari na habari za mji. Amani anarudi katika ardhi ya wazee wake kama kibarua. Hakuna anayempokea kwa kuwa hakuna anayejua kwamba amerudi. Alikuja kutafuta haki zake. Kinachowekwa mlangoni pake ni haki ya mtu mwingine, yaani haki ya kitoto kulelewa. Na tazama mtunzi alivyolifunga fundo hili. Baba wa mtoto ni Mtemi yule yule aliyemdhulumu babu yake Amani. Mama yake ni Lowela. Basi mrithi halali wa ardhi anamlea mwana wa mnyang'anyi pasipo kujua. Ulezi unafanya kazi yake gizani, bila majina. Kwa maoni yangu hili ndilo fundo lililofungwa kwa ustadi zaidi katika riwaya nzima, na inasikitisha kwamba miongozo inalitaja kwa neno moja, kinaya, kisha inageuza ukurasa.

Mimi nimeisoma na kuifundisha riwaya hii Gusii, na huenda ndiyo sababu swali la ulezi limenikaa. Wanaanthropolojia Robert na Barbara LeVine walifanya utafiti huku katika miaka ya 1955 hadi 1957, wakachapisha mwaka 1966 kitabu kuhusu jamii waliyoiita Nyansongo. Humo wanamweleza omoreri, yaani mtoto mkubwa kidogo anayekabidhiwa mtoto mchanga mama anapokwenda shambani. Mara nyingi ni msichana. Pasipo msichana, mvulana hufanya kazi hiyo. Robert LeVine alirudi na wenzake katikati ya miaka ya 1970, na kitabu chao kilichotoka 1994 kilizua mjadala ng'ambo kwa kudai kwamba mama wa Kigusii humjibu upesi mtoto anayelia, humbeba na kumnyonyesha, ila hakai kuzungumza naye kama afanyavyo mama wa Boston. Wapo waliokasirika. Hoja ya watafiti lakini haikuwa kwamba mama huyu hana mapenzi. Ilikuwa kwamba katika mwaka wa kwanza jambo la kwanza kwake ni mtoto asife. Maneno na michezo atayapata kwa watoto wenzake, omoreri akiwa wa kwanza wao.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa. Omoreri ni ndugu wa mlezi wa Kiswahili: -rera ya Ekegusii ni -lea yetu. Katika maandishi ya kawaida ya Ekegusii, ambayo hayatenganishi e mbili za lugha hiyo, -rera hiyo hiyo yaweza kusomwa kuwa ni kulia. Kwa sikio ni vitenzi viwili. Kwa jicho ni kimoja. Sidai kwamba bahati hii ya tahajia ni falsafa ya Wagusii. Walakini aliyewahi kukabidhiwa mtoto wa mtu ataelewa kwa nini mimi sikuweza kuisahau.

Nami nilikabidhiwa. Chuo kilikuwa kimefungwa, nikarudi nyumbani upande wa Nyamira na furushi la insha za wanafunzi kuhusu riwaya hii hii, nikitazamia kuzisahihisha chini ya mgomba nikiwa nimetulia. Nilikuta dada yangu amelazwa, mama yetu amejiandaa kwenda kumwuguza, na watoto wakubwa wako shuleni. Kwamba hapakuwa na omoreri nyumbani si ajabu. Karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza mwaka 1974 na katika shule ya msingi yote mwaka 2003. Mtoto wa miaka minane sasa yuko darasani, na ni jema sana kwamba yuko huko. Lakini kazi aliyokuwa akiifanya haikuondoka naye. Ilibaki uani, na siku ile iliniangukia mimi. Mama alinifunga mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni kwa leso, akanionyesha sufuria ya uji wa wimbi, akasema, "Mwanangu, usimwache alie mpaka akauke sauti," akaenda zake. Zilikuwa siku tisa.

Usiku wa kwanza mtoto alilia, "Baba! Baba!" mpaka alfajiri. Msomaji wa pwani angedhani anamtaka baba yake. Katika Ekegusii baba ni mama. Baba wa Kiswahili huitwa tata. Jirani yetu, ambaye wote humwita magokoro, yaani bibi, alikuja asubuhi akanikuta nimekaa kizingitini na leso imelegea. Akanitazama, akasema kwamba kijiji hakijapata kuwa na omoreri mwenye ndevu, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamchukua mtoto, akamkanda tumbo, nami nikalala saa mbili. Katika desturi ya huku kuna heshima na haya baina ya mzazi na mwana, nayo imewafanya wanaume wengi wakae mbali na vichanga. Baina ya bibi na mjukuu haya hiyo haipo, wanataniana. Mjomba yuko wapi katika mpango huu, sikujua, na sikuwa na nafasi ya kuuliza.

Insha nilizisahihisha usiku, kwa mkono mmoja. Zote zilikuwa sahihi. Zote zilisema Uhuru ni ishara. Hakuna hata moja iliyosema kwamba Uhuru alikuwa na njaa.

Nilirudi kitabuni nikiwa na macho mengine, na hapo ndipo hukumu yangu juu ya riwaya ilipobadilika kidogo. Walibora ni mtunzi mkarimu wa matukio. Sura zake zinakwenda mbio, siri zinafichuliwa, barua na hati zinabadili maisha ya watu. Mwendo huo unafaa kwa habari za ardhi na za mswada wa Amani ulioibwa na Majisifu. Kwa ulezi haufai. Kulea ni marudio: kulisha, kusafisha, kubembeleza, na kuanza tena kabla ya jogoo kuwika. Riwaya inatuambia kwamba vijana hawa wawili walimpenda mtoto, nasi tunasadiki. Lakini usiku wenyewe unatupita upesi mno. Ona nafasi aliyokuwa nayo. Amani anatunza ng'ombe wa Mtemi. Maziwa anayoyashika kila siku ni mali ya baba wa mtoto, na mtoto hana jina la baba huyo. Lau mtunzi angelikaa penye kikombe kimoja cha maziwa hayo kwa kurasa mbili tu, dhuluma yote ya Sokomoko ingelionekana ndani yake, bila ishara kuhitaji kuitwa kwa jina.

Kosa hili si la Walibora peke yake, na pengine si kosa bali mazoea ya riwaya yetu. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), msomi Kazimoto anarudi kijijini, na huko pia mtoto anakuja kama hukumu: kichwa chake kikubwa kupita kiasi ni maradhi ya wazazi na ni maradhi ya kizazi kizima cha wasomi. Kezilahabi anajua anachofanya. Kitabu chake ni cha mtu anayetafuta maana ya kuishi asiipate, na mwisho Kazimoto anajiua. Lakini hata hapo mtoto ni jawabu la swali la mtu mzima. Hakuna anayemwogesha. Mwana anarudi, mtoto anatokea, mtoto anakufa, na wahakiki tunaandika juu ya mwana aliyerudi.

Yuko atakayenijibu kwamba ishara haina budi kuwa nyembamba. Kwamba tukimpa Uhuru nepi na kikohozi, msomaji atamlilia mtoto mmoja na kuisahau nchi. Nimeifikiria hoja hii na siikubali, na shahidi wangu ni riwaya yenyewe. Sehemu ya hospitali ndiyo yenye nguvu kuliko zote zinazomhusu mtoto, na nguvu yake inatokana na kwamba hapo, kwa mara ya kwanza, Uhuru ni mwili: anaumwa, anahitaji mkono wa mtu mwenye ujuzi, na mkono huo hauji. Hapo hatuhitaji kuambiwa lolote kuhusu taifa. Wanafunzi wangu, ambao huzungumzia ishara kwa sauti ya kukariri, wakifika hospitalini hunyamaza, kisha mmoja huanza kusimulia alichokiona yeye akiwa na mdogo wake kwenye benchi la kungojea. Hadithi hizo hutujia bila kuombwa, na sijapata kuona ishara ikifanya hivyo.

Kisha kuna jambo la kushtakiwa. Waliomtupa mtoto wako huru. Waliomwokota wako korokoroni. Wengi wameliona hili kuwa la kutungwa kupita kiasi. Mimi sikuliona hivyo baada ya zile siku tisa. Siku ya sita mtoto alipata homa, nikakimbilia zahanati na yeye mgongoni, na maswali ya kwanza niliyoulizwa hayakuwa juu ya homa: huyu ni mtoto wa nani, mama yuko wapi, na wewe ni nani kwake? Ni maswali ya haki, na muuguzi alitibu vizuri. Hata hivyo nilihisi jasho likinitoka mithili ya mwizi. Anayemshika mtoto asiye wake huwa shahidi wa kwanza na mshukiwa wa kwanza kwa pamoja, na omoreri wa zamani aliyechapwa kwa sababu mtoto ameanguka alilijua hilo akiwa na miaka saba. Walibora amelifahamu barabara. Ningependa tu angelitangulizia usiku mwingi zaidi, ili tunapofika korokoroni tujue kwa hesabu ni nini kilichopotea.

Walibora alifariki Aprili 2020, na hatuwezi tena kumwuliza kwa nini alikwenda upesi pale. Kazi iliyo mbele yetu ni ndogo, na iko karibu. Wanawake waliokuwa abareri kabla ya karo kuondolewa sasa ni wazee, wameenea kutoka Borabu mpaka Tabaka, nao bado wanazo nyimbo walizoimba wakiwa na vichanga mgongoni. Magokoro, jirani yetu, alimwimbia mpwa wangu mmoja wa nyimbo hizo siku ile aliyonikuta kizingitini. Nilikuwa nimelala, sikuunakili. Idara hii ina vinasa sauti viwili na wanafunzi wa kutosha wanaojua Ekegusii. Likizo ijayo nitarudi na kimojawapo.