Jicho la Nyuma ya Jukwaa

Kwenye bendi zetu mpiga besi ni kama nguzo ya nyumba: haisifiwi mpaka siku iondolewe. Kuanzia NUTA Jazz ya 1964 hadi Mlimani Park ya 1978, washabiki wa Kinondoni na Temeke watakutajia waimbaji na wapiga solo kwa mpigo mmoja. Waulize besi alipiga nani, wengi watabaki kujikuna kichwa.

Milt Hinton, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1910, alisimama huko huko nyuma. Alipiga besi, lile dude kubwa la kusimama nalo, katika bendi ya Cab Calloway kuanzia 1936 hadi 1951. Lakini jamaa alikuwa pia na kamera, aliyozawadiwa 1935. Alipofariki mwaka 2000 aliacha picha zipatazo 60,000.

Nasema wazi: picha zake za jukwaani hazinibabaishi. Kwa moshi na mwanga, Herman Leonard anamwacha mbali. Hinton ni moto pale muziki unapokoma. Wanamuziki wamelala hoi ndani ya treni. Wanamuziki hao hao, wamependeza, wamesimama stesheni chini ya kibao kinachowatenga weusi. Hapo huhitaji maelezo. Halafu kuna Billie Holiday mwaka 1959, studio, akirekodi kwa mara ya mwisho, Hinton mwenyewe akiwa kwenye besi: uso wa mtu anayeisikiliza sauti yake iliyochoka. Mpiga picha wa kukodi angeupatia wapi uso ule?

Tunaambiwa mshika mbili moja humponyoka. Kwa Hinton methali hiyo inagonga mwamba, maana besi ndiyo iliyoifungulia kamera mlango. Alipiga picha kama anavyopiga besi: anawasikiliza wenzake kwanza, hajitangulizi.

Na sisi tunaoandika? Wengi tunakimbilia mapenzi ya kwenye sinema, wakati mpiga besi wa Temeke anasubiri daladala alfajiri, gita mgongoni, posho mfukoni haifiki mbali. Wakongwe wanakwenda mmoja mmoja, na picha zao zinaliwa na mende masandukuni. Mshikaji, kama unakaa naye mtaa mmoja, basi wewe ndiye Hinton wake. Kalamu ni rahisi kuliko kamera. Kamuulize jina lake, uliandike.